Kulifumua ini bila kuliua

Chukua kipande cha ini bichi la ng'ombe, ukibinye kati ya kidole gumba na cha shahada. Mwanzoni kinagoma, kwa sababu ya ule utando mwembamba unaong'aa juu yake. Ongeza nguvu kidogo: kinapasuka mara moja, na vidoleni panabaki tope la rangi ya damu ya mzee. Ndani ya tope hilo zimo seli kwa mamilioni, na karibu zote ni maiti. Zimechanika kama vifuko vya maji vilivyokanyagwa sokoni.

Mtafiti wa upandikizaji hana haja na tope. Anataka seli mojamoja, zilizoachana na wenzake lakini nzima, zinazopumua, zinazotengeneza sukari na protini kana kwamba hazijui zimetolewa kwao. Kuachanisha seli za ini hata bucha anaweza. Kuziachanisha zikiwa hai kumewachukua wanasayansi miaka mingi, na mpaka leo kila anayeifanya kazi hiyo atakwambia kuna siku inamgomea bila sababu anayoweza kuitaja.

Kwanza, kwa nini mtu ajisumbue? Kupandikiza ini zima ni upasuaji mzito, unahitaji mtu wa kulitoa, na maini yanayopatikana hayajawahi kuwatosha wanaoyangoja. Halafu wapo wagonjwa ambao ini lao halina kovu wala uvimbe, ila limezaliwa bila uwezo wa kutengeneza kimeng'enya kimoja tu. Kumtolea mtu wa namna hiyo ini lote ni sawa na kung'oa paa zima kwa ajili ya bati moja linalovuja. Wazo likawa hili: vipi kama tungemwongezea tu seli chache zinazojua kazi ile, zikapenya ndani ya ini lake na kukaa humo? Ili wazo hilo lijaribiwe, lazima kwanza uwe na seli.

Sasa tuangalie kinachozishika. Ini la mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi. Takriban asilimia 80 ya ujazo wake ni hepatosaiti, yaani seli kuu za ini, zile zinazofanya kazi tunazozijua: kutengeneza nyongo, kuhifadhi sukari, kuvunja sumu na dawa. Hizi ni seli kubwa, zenye upana wa maikromita 20 hadi 30, na zimejipanga kwa safu nyembamba za unene wa seli moja, kama ukuta wa tofali moja. Kila upande wa ukuta damu inapita taratibu kwenye vifereji. Kwenye vifereji hivyo wamo wakazi wengine: seli zinazotandika kuta zake, seli za Kupffer zinazomeza bakteria, na seli zenye umbo la nyota zinazotunza vitamini A.

Hepatosaiti na jirani yake wameshikana kwa namna tatu. Kuna vifungo vidogo kama vya shati, viitwavyo desmosomu. Vifungo hivi havishiki bila madini ya kalsiamu. Kuna mishono iliyobana sana, inayozuia nyongo isivujie kwenye damu, pamoja na vitundu ambavyo seli hupitishiana kemikali. Na kuna wavu wa kolajeni, protini ileile inayoipa ngozi na kano uimara wake, uliozunguka mishipa na kuegemeza jengo lote. Ukitaka kulifumua ini, unapaswa kuvifungua vifungo na kuukata wavu, na wakati huohuo usiiguse ngozi ya seli yenyewe, ambayo nayo imejengwa kwa mafuta na protini.

Waliotangulia walitumia nguvu. Katika miaka ya 1950 watu walikuwa wakilikatakata ini na kulisukuma kwenye kitambaa, au kulitikisa pamoja na vishanga vya kioo, au kulilowesha katika chumvi za sitreti zinazonyonya kalsiamu. Seli walizipata, na kwenye hadubini zilionekana si haba. Zilipopimwa ndipo aibu ilipotoka: zilikuwa zinavuja, vimeng'enya vyake vimemwagika nje, haziwezi hata kupumua sawasawa. Mwaka 1967 Howard na wenzake huko Marekani walijaribu kuvilowesha vipande vyembamba vya ini la panya katika vimeng'enya vinavyokula kolajeni. Safari hii seli zilitoka hai, lakini kidogo mno. Kimeng'enya kinaanza kula pembeni mwa kipande, na kinapofika katikati, seli za pembeni zimeshachoka kusubiri.

Jibu lilikuwa ndani ya ini lenyewe. Hiki ni kiungo chenye mabomba tayari. Kila hepatosaiti ina kifereji cha damu mlangoni pake. Mwaka 1969 Michael Berry na Daniel Friend, wakiwa San Francisco, waliacha kulilowesha ini kwa nje na badala yake wakapitisha kimiminika chenye vimeng'enya kwenye mishipa yake, mzunguko baada ya mzunguko, ini likiwa bado tumboni mwa panya. Dawa ikafika kila chumba kwa wakati mmoja. Karibu nusu ya ini ikageuka seli mojamoja zilizo hai: zinapumua, zinatengeneza glukosi, na hazipitishi rangi ya majaribio ndani yake.

Friend alikuwa mtu wa hadubini ya elektroni, na picha walizopata zilionyesha jambo ambalo mimi naliona ndilo kiini cha habari yote hii. Desmosomu zilifunguka haraka. Lakini ile mishono iliyobana haikufunguka. Seli zilipoachana, mishono ilibaki upande mmoja ikiwa imeng'ang'ania kipande cha mwili wa jirani, kama mtu aliyevutwa kwenye ugomvi akaondoka na kola ya shati la mwenzake mkononi. Kwa maneno mengine, hata njia bora kuliko zote inararua. Hepatosaiti inayoogelea peke yake kwenye chupa ni majeruhi aliyepona, na majeraha yake yatatufuata mpaka kwa mgonjwa.

Kilichokuja kuifanya njia hii itegemeke ni kazi ya Per Seglen wa Oslo, Norway, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Yeye aliling'ang'ania swali la kalsiamu. Hapa pana mkanganyiko mzuri. Desmosomu hushikwa na kalsiamu, hivyo ukitaka zifunguke uiondoe. Lakini kolajenezi, kimeng'enya kinachokata wavu wa kolajeni, hakifanyi kazi bila kalsiamu. Ukiiondoa, mkasi wako haukati. Ukiiacha, vifungo havifunguki. Utafanyaje?

Seglen aligawa kazi mara mbili. Kwanza unapitisha kimiminika kisicho na kalsiamu kabisa, kinaikokota iliyomo na kwenda nayo. Desmosomu zinalegea, na muhimu zaidi, zikishafunguka kwa namna hiyo hazijifungi tena hata kalsiamu ikirudi. Ndipo unapobadilisha chupa na kuleta kolajenezi pamoja na kalsiamu, mkasi ukiwa na makali yake yote. Hatua mbili, kwa mpangilio huo. Zaidi ya miaka 50 baadaye, maabara nyingi duniani bado zinafuata ngazi hizo mbili, wengi wakiongeza EGTA katika hatua ya kwanza, kemikali inayoikamata kalsiamu iliyobaki.

Ukiwa mezani, kazi inakwenda hivi. Panya wa maabara amelazwa usingizi mzito, tumbo limefunguliwa. Katheta nyembamba ya plastiki, ndugu wa ile kanula wanayokuchoma mkononi hospitalini, inaingizwa kwenye mshipa mkubwa unaoleta damu kutoka utumbo kwenda ini, ule ambao madaktari huuita mshipa wa mlango. Pampu inawashwa, kimiminika cha joto la nyuzi 37 kinaingia, na mshipa wa kutokea unakatwa ili damu ipate njia. Ndani ya dakika moja ini linabadilika kutoka damu ya mzee hadi rangi ya chai ya maziwa. Mtu anayejua kazi anaitazama rangi hiyo kuliko anavyoitazama saa. Pakibaki baka jekundu, ujue kuna damu iliyoganda mahali au kiputo cha hewa kimeziba mshipa, na eneo lile halitatoa kitu. Kiputo kimoja kinaweza kukupotezea siku nzima.

Kisha kolajenezi. Ini linavimba kidogo, linalainika, utando wake unaanza kuonyesha mabaka kama maji yameingia chini yake. Ukiligusa kwa kitu butu linabonyea na halirudi, kama unga wa chapati uliokandwa vizuri. Kwa panya hali hii hufika baada ya dakika tano hadi kumi hivi. Ukikatisha mapema utapata mabonge. Ukichelewa, kimeng'enya kinahamia kwenye seli zenyewe. Hakuna kipimo kinachokwambia "sasa". Ni kidole na jicho, na wanaojifunza huharibu maini kadhaa kabla kidole hakijaelewa.

Linapokuwa tayari, ini linahamishiwa kwenye bakuli lenye kimiminika baridi, utando unachanwa kwa kibano, na linatikiswa polepole. Seli zinamwagika kama wingu la maziwa. Mkononi unabaki na mti wa mishipa, mweupe, umening'inia kama mzizi wa mchicha uliooshwa. Wakati mwingine wingu linageuka kuwa mlenda. Hiyo ni DNA ya seli zilizopasuka, nyuzi ndefu zinazonata na kuzivuta hata zilizo hai. Dawa yake ni kuongeza kimeng'enya kingine cha kuikata DNA, ingawa mlenda ukiwa mwingi ni dalili kwamba mambo yaliharibika mapema.

Baada ya kuchuja kwenye wavu wa nailoni, unabaki na kikosi cha mchanganyiko: hepatosaiti nzima, hepatosaiti zilizokufa, seli ndogo za vifereji, na takataka. Hapa ukubwa wa hepatosaiti unakuwa msaada. Zinazungushwa kwenye mashine ya sentrifuji kwa nguvu ndogo mno, mara 50 tu ya mvutano wa kawaida wa dunia, kwa dakika chache. Hepatosaiti nzito zinatua chini. Seli ndogo zinabaki zikielea juu na kumwagwa, au kuhifadhiwa na wanaozihitaji kwa utafiti mwingine. Zoezi hilo hurudiwa mara mbili tatu. Kama waliokufa bado ni wengi, hutumika Percoll, kimiminika kizito cha chembe ndogo za silika: zilizo hai huzama, na maiti, ambazo zimejaa maji, huelea.

Mwisho hupakwa rangi ya tripani. Seli iliyo hai inaizuia mlangoni na kubaki angavu; iliyokufa inapakwa bluu mpaka kwenye kiini. Unahesabu kwenye kioo chenye miraba midogo. Ini la panya la gramu kumi hivi linaweza kutoa seli milioni mia kadhaa, na siku nzuri zaidi ya asilimia 85 zinakuwa hai.

Lakini rangi hii ina udhaifu wake. Inakwambia ukuta haujabomoka. Haikwambii kama ndani kuna mtu anayeweza kupika. Seli inaweza kuikataa rangi asubuhi na kufa jioni. Kwa hiyo maabara makini huangalia pia kama seli zinaweza kujishika kwenye sahani iliyopakwa kolajeni, na kama bado zinatengeneza albumini, protini kuu ya damu, au kugeuza amonia, ambayo ni sumu, kuwa urea.

Niseme kidogo kuhusu huo mkasi wenyewe. Kolajenezi hutolewa kwa bakteria aliyejulikana kwa miaka mingi kama Clostridium histolyticum, jamaa wa bakteria wanaoozesha majeraha. Kinachomsaidia kula nyama ya mtu ndicho tunachokitumia kulifumua ini. Kwa muda mrefu kiliuzwa kikiwa mchanganyiko usiosafishwa sana, na kila mzigo wa kiwandani ulikuwa na tabia yake: huu unakata vizuri, ule unaua. Watafiti walizoea kuomba sampuli za mizigo kadhaa, kuzijaribu, kisha kununua mzigo mzuri wote wakaufungia kwenye friji. Baadaye yakaja matoleo yaliyosafishwa, na hapo likaonekana jambo la kushangaza: kolajenezi safi peke yake haifumui ini ipasavyo. Inahitaji kiasi fulani cha vimeng'enya vingine vya kula protini, vilevile vilivyokuwa vikilaumiwa kwa kuchafua mchanganyiko. Uchafu ulikuwa na kazi yake.

Tukihamia kwa binadamu, kanuni ni zilezile lakini mali ghafi inabadilika. Panya wa maabara ni kijana mwenye afya, na ini lake linaanza kufanyiwa kazi moyo ungali unadunda. Ini la binadamu linalofika kwa mtafiti mara nyingi ni lile ambalo madaktari wa upandikizaji wamelikataa kwa sababu lina mafuta mengi, au limekaa kwenye barafu muda mrefu, au mtoaji alikuwa mzee. Njia nyingine ni kipande kilichokatwa pembeni mwa uvimbe wakati wa upasuaji, au sehemu iliyobaki ini la mtu mzima lilipopunguzwa limtoshe mtoto. Kipande hakina mshipa mmoja mkuu wa kuingilia. Inabidi utafute midomo ya mishipa kwenye uso uliokatwa, uingize katheta mbili tatu, na uzibe matundu mengine kwa gundi ya upasuaji ili kimiminika kisivujie pembeni bila kupita ndani. Muda wa kolajenezi unakuwa mrefu kuliko kwa panya, kwa sababu wavu wa kolajeni wa binadamu ni mnene zaidi. Seli zilizojaa mafuta ni dhaifu, na kwa kuwa mafuta huelea, nyingine hukataa hata kutua chini kwenye sentrifuji na humwagwa pamoja na maiti.

Na zikiwa za kumwekea mgonjwa, kila kitu hufanyika kwenye chumba kilichochujwa hewa, vimiminika vyote vikiwa vya daraja la hospitali, na seli hupimwa bakteria na sumu zao. Vituo vingi vimetumia asilimia 60 ya seli hai kuwa mpaka wa chini. Ukitoka kwenye 85 ya panya, unaona kiasi gani binadamu anasamehewa.

Kuna tatizo la saa pia. Seli zilizotengwa haziwezi kukaa. Ndani ya siku moja au mbili ubora wake unashuka hata zikiwekwa kwenye baridi. Mgonjwa naye hapatikani siku ileile ini linapopatikana. Kwa hiyo hugandishwa, zikiwa zimechanganywa na kemikali ya DMSO inayozuia barafu isizitoboe, zikashushwa joto hatua kwa hatua mpaka zihifadhiwe kwenye mvuke wa nitrojeni. Hepatosaiti hazipendi safari hiyo. Zikiyeyushwa, nyingi zimekufa, na zilizobaki hai zimepungua uwezo wa kujishika. Mtu anayefanya utafiti wa dawa anaweza kuvumilia hasara hiyo. Anayetaka seli zijishike ndani ya ini la mtoto mgonjwa anaumia.

Je, zikipandikizwa zinafanya kazi? Jaribio lililofungua njia lilifanywa kwa panya wa Gunn, ukoo wa panya waliozaliwa bila kimeng'enya kinachoiandaa bilirubini, taka ya rangi ya manjano itokayo kwenye damu iliyochakaa, itoke mwilini, hivyo wana umanjano wa maisha. Mwaka 1976 Matas na wenzake waliwapandikiza seli za ini kutoka kwa panya wazima, na bilirubini ikashuka. Binadamu wana ugonjwa huohuo, uitwao Crigler-Najjar, na wagonjwa wake hulala chini ya taa za bluu saa nyingi kila siku ili bilirubini isiharibu ubongo.

Mwaka 1998 Ira Fox na wenzake walitoa taarifa ya msichana wa miaka kumi mwenye ugonjwa huo. Alipewa hepatosaiti bilioni 7.5 kupitia mshipa wa mlango. Idadi hiyo inatisha kuisoma, lakini ukizingatia kwamba gramu moja ya ini ina seli zaidi ya milioni 100, ni kama gramu 60 tu, kipande kisichojaza kiganja. Kazi ya kimeng'enya kwenye ini lake ilipanda kutoka asilimia 0.4 ya kawaida hadi 5.5. Bilirubini ikashuka sana na saa zake za taa zikapungua. Hakupona kabisa, na baadaye alipandikizwa ini. Lakini jambo moja lilithibitika: seli zilizofumuliwa, zikaoshwa, zikahesabiwa na kudungwa ndani ya mtu, zinaweza kukaa na kufanya kazi kwa muda.

Kinachowazuia watafiti wasiende mbali zaidi kinarudi kwenye zile picha za 1969. Seli zinapomiminwa kwenye mshipa wa mlango huziba vifereji kwa saa kadhaa, na sehemu kubwa huuawa na kinga ya mwili ndani ya siku ya kwanza. Zilizobaki zinapaswa kupenya kati ya seli za ukuta wa kifereji, kuingia kwenye safu ya hepatosaiti na kuanza kushona upya vifungo na mishono iliyopotea mezani. Seli iliyoraruliwa vibaya wakati wa kufumuliwa haina nguvu za kushona. Ndiyo maana watu wa fani hii wanabishana kuhusu sekunde za kolajenezi na nyuzi za joto kwa ukali unaoweza kumshangaza mgeni.

Wapo pia wanaozitafuta seli hizi kwa shughuli isiyo ya upandikizaji, na moja inatugusa sisi wa ukanda wa malaria moja kwa moja. Kijidudu cha malaria kikitoka kwa mbu hakiingii kwanza kwenye chembe nyekundu za damu. Kinakimbilia hepatosaiti na kuzaliana humo kimyakimya. Anayetaka kujaribu dawa ya kukizuia hapo anahitaji hepatosaiti za binadamu zilizo hai kwenye sahani, na hizo zinapatikana kwa njia ileile ya kalsiamu na kolajenezi.

Kwa kuwa maini ya binadamu ni adimu, baadhi ya watafiti wanatengeneza seli zinazofanana na hepatosaiti kutokana na seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa za aina nyingine, ingawa mpaka sasa nyingi zina tabia za ini la kijusi kuliko la mtu mzima. Wengine wamechukua njia ya mzunguko. Mwaka 2007 kundi la Markus Grompe huko Oregon lilitangaza panya wadogo waliokosa kinga na wenye kasoro ya kijeni inayowaua hepatosaiti wao wenyewe polepole. Wakidungwa hepatosaiti chache za binadamu, hizo zinajaza nafasi zilizoachwa wazi, mpaka sehemu kubwa ya ini la panya inakuwa ya kibinadamu. Panya anakuwa shamba. Na siku ya kuvuna, mtu anamlaza usingizi, anaingiza katheta kwenye mshipa, na kusubiri ini ligeuke rangi ya chai ya maziwa.